Una kisukari au presha? Usimfiche daktari wa meno

Je, umepoteza jino, nawe ungependa kuwekewa lingine ambalo halitolewi usiku na kutiwa katika gilasi ya maji? Pengine umesikia kuhusu meno ya kupandikizwa, yale yanayokazwa ndani ya mfupa wa taya. Na pengine unaugua kisukari au shinikizo la damu, na jirani amekuambia kwamba matibabu hayo si ya watu kama wewe.

Usikate tamaa mapema. Aghalabu si ugonjwa wenyewe unaomzuia mtu kupandikizwa jino. Kinachomponza ni ugonjwa usiodhibitiwa, na ule anaomficha daktari kwa kuogopa kurudishwa nyumbani.

Kwanza, elewa jinsi kazi hii inavyofanywa. Daktari hupasua ufizi, akatoboa tundu katika taya na kukaza humo parafujo ndogo ya titani. Kwa kawaida mfupa huchukua kati ya miezi 3 na 6 kuishika parafujo hiyo barabara, ndipo jino likawekwa juu yake. Mtaalamu wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, aligundua mwaka wa 1952, alipokuwa akichunguza mifupa ya sungura, kwamba mfupa hushikamana na titani. Mgonjwa wake wa kwanza alipandikizwa mwaka wa 1965, akayatumia meno hayo hadi alipofariki mwaka wa 2006.

Basi kila kitu hutegemea kupona kwa ufizi na mfupa. Sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu, vidonda huchelewa kupona na viini hupata nafasi. Ndiyo sababu daktari hutaka kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari yako kwa muda wa miezi 3 hivi iliyopita. Wengi huridhika kikiwa chini ya asilimia 7 au 8. Nayo presha ikifika 180 kwa 110, upasuaji kama huu huahirishwa hadi ishuke. Ukiahirishiwa, usikasirike wala usikimbilie kliniki nyingine. Huko ni kulindwa.

Dawa unazotumia ni muhimu vilevile. Kuna wanaomeza dawa za kuzuia damu kuganda, kama vile warfarin. Usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe, kwani unaweza kupatwa na kiharusi. Daktari atapima damu yako kwanza, na ashauriane na aliyekuandikia. Hata dawa utakazopewa baada ya upasuaji zaweza kugongana na zako. Mathalan, metronidazole huongeza nguvu ya warfarin.

Tahadhari kubwa zaidi ni kwa waliodungwa sindano za kuimarisha mifupa, hasa wagonjwa wa saratani. Tangu mwaka wa 2003 madaktari wamekuwa wakionya kwamba baadhi ya dawa hizo zaweza kufanya mfupa wa taya ufe baada ya upasuaji wa meno. Waliochomwa kwa miale sehemu za kichwa na shingo pia wako hatarini. Mwenye virusi vya ukimwi anayetumia dawa zake vyema, na kinga yake ikiwa imara, aweza kupandikizwa. Nawe mvutaji sigara, jua kwamba moshi hudhoofisha ufizi na hupunguza uwezekano wa jino kushika.

Sasa chukua mfano wa mama anayehudhuria kliniki ya kisukari mjini Thika, kisha anatafuta daktari wa meno Ruiru. Barabara ya Thika inaunganisha miji hiyo miwili, lakini faili yake haipandi matatu. Daktari wa Ruiru hajui yaliyoandikwa Thika. Anayeweza kuyafikisha ni mama huyo mwenyewe.

Kwa hivyo, siku ya kwanza beba kitabu chako cha kliniki na dawa zako zote, hata zile za kienyeji. Sema kama umewahi kupasuliwa moyo au kuwekewa vali bandia, kwani huenda ukahitaji dawa ya kuua viini kabla ya upasuaji. Omba jina la daktari wako wa Thika liandikwe ili wawili hao wazungumze. Hakikisha pia kwamba daktari wa meno amesajiliwa na baraza la madaktari na madaktari wa meno nchini, KMPDC, na umuulize ni wagonjwa wangapi wenye hali kama yako amewahi kuwapandikiza.

Akikuambia haifai, si mwisho wa kutafuna. Meno bandia ya kuvaa na yale ya daraja yangalipo, nayo hayahitaji kutoboa taya.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Kwa jino la kupandikizwa, maradhi uliyoyaficha huumbuliwa na taya, tena ukiwa umekwisha kulipa.