Diabete na maumivu ya viungo: kukaa tu kwenye kiti si dawa

Hapa Uvira, mtu akipimwa na kukutwa na ugonjwa wa sukari, kwenye kituo cha afya wanamwambia: punguza bugali, fanya mazoezi. Anaanza vizuri. Kila asubuhi anatoka Mulongwe, anatembea mpaka upande wa Kalundu. Baada ya juma mbili magoti yanauma, bega linakataa kupanda. Anasema mazoezi yanamuua, anarudi kwenye kiti. Na sukari inapanda tena.

Juu ya nini inakuwa hivyo?

Sukari inakaza viungo

Sukari ikibaki nyingi ndani ya damu kwa miaka, inashikana na nyuzi zinazojenga kano na ngozi inayofunika viungo. Nyuzi zinakuwa ngumu, kama kamba ya wavu iliyoachwa juani. Ndiyo maana wenye diabete wanapata kuliko wengine ugonjwa wa bega kuganda: hata kuvaa shati ama kufunga mtoto mgongoni kunakuwa shida. Unaweza kudumu mwaka mmoja na zaidi.

Vidole pia vinakaza. Jaribu: bandika viganja viwili kama mtu anayesali. Vikibaki na nafasi katikati, havilali sawa, mwambie munganga. Magoti yenyewe, mara nyingi ni uzito wa mwili na umri.

Usiache, badilisha

Misuli ikifanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu, hata kama insulini ya mwili imechoka. Lakini faida hiyo inadumu siku moja au mbili hivi. Kwa hiyo usipitishe siku mbili bila kufanya kitu. Shirika la Afya Duniani (OMS) linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa juma. Si lazima kwa mara moja: dakika 10 asubuhi, 10 baada ya chakula cha mchana, 10 jioni, siku tano.

Magoti yakiuma, acha milima kwanza, tembea kwenye tambarare. Nyumbani, kaa kwenye kiti, simama bila kujishika, kaa tena, mara kumi. Mapaja yakipata nguvu, yanasaidia goti kubeba mwili. Bega likikaza, simama karibu na ukuta, pandisha vidole polepole mpaka pale unaposikia linavuta, si pale unapolia.

Maumivu kidogo yanayopoa mpaka kesho yake si hatari. Yakizidi kila siku, punguza.

Hapa simama

Maumivu mengine hayatoki kwenye viungo. Miguu ikiwaka moto usiku, ikichomachoma ama ikiwa na ganzi, mishipa ya fahamu imeguswa. Mtu wa namna hii anaweza kukanyaga msumari asisikie. Asitembee peku, hata kwenye mchanga wa ziwa. Avae viatu vilivyofungwa, atazame nyayo kila jioni.

Mguu ukivimba na kuwa na moto, hata kama hauumi, usitembelee: nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mifupa inaweza kuwa inavunjika ndani. Kidonda kwenye unyayo pia hakingoji; kuchelewa ndiko kunafikisha watu kwenye kukatwa mguu. Kifua kikibana wakati wa kutembea, simama, tafuta msaada mara moja.

Anayetumia insulini ama glibenclamide atembee na sukari kidogo mfukoni. Akitetemeka na kutoka jasho baridi, ale mara moja.

Angalisho kwa dawa za dukani

Diclofenac na ibuprofen zinaweza kuumiza figo, ambazo diabete imeshazichosha. Dexamethasone na prednisolone zinapandisha sukari. Usinunue bila kumwambia muuzaji kwamba una diabete. Vizuri zaidi, uliza munganga kwanza.

Ukienda kupima sukari safari ijayo, usiongee sukari peke yake. Sema pia bega, goti na mguu vinavyokuuma, upewe mazoezi ambayo mwili wako unaweza.