Kinyonga wa Mlima Hanang

Ndugu mkulima wa Singida, kaskazini-mashariki yako uko mlima Hanang, wenye kimo cha mita 3,400 na zaidi. Huko yuko kinyonga wake mwenyewe, ambaye mwaka 2010 wataalamu walimtambua kuwa ni wa jinsi ya pekee. Twamwogopa bure: hana sumu, na chakula chake ni wadudu.

Kinyonga wa mashambani kwetu hufukia mayai udongoni, na moto wa nyasi hupita juu yake. Huyu wa mlima wenye baridi hatagi. Huchukua watoto tumboni hata awazae hai. Moto ukimpata, mama na watoto huungua pamoja.

Nawe ulishaye ng'ombe miguuni pa mlima, kumbuka kwamba moto hupanda mteremko upesi kuliko kinyonga. Fyeka ukanda wa kuuzuia mapema, nyasi zingali mbichi.