Umri wa simu ndiyo bei yake

Mnunuzi anayeingia Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kutafuta simu huuliza mambo matatu: bei, kamera na betri. Muuzaji hujibu hayo hayo, maana ndiyo yanayouza. Swali la nne, ambalo lingemwokolea fedha nyingi kuliko hayo matatu kwa pamoja, halisikiki sana: simu hii itadumu muda gani, na ikiharibika, spea yake ipo?

Tukilipima soko la simu la Afrika Mashariki kwa swali hilo, sura yake inabadilika. Duka lenye mabango na taa linabaki mwanzo wa safari tu. Thamani kubwa inajengwa kwenye meza ya fundi, na huko ndiko sera, mitaji na mafunzo havijafika inavyostahili.

Milango miwili ya soko

Simu zinazouzwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala huingia kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni Shenzhen, kusini mwa China, makao ya Transsion, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2006 na ambayo ni mama wa Tecno, itel na Infinix. Kampuni hii ililijenga jina lake Afrika kwa kuyasoma maisha ya wateja wake. Iliweka laini mbili kwenye simu moja, kwa ajili ya mtu anayehama mtandao kufuata unafuu wa kifurushi. Ikaleta betri inayovumilia umeme unapokatika, na kamera iliyorekebishwa ili sura ya mtu mweusi ionekane vizuri hata kwenye mwanga hafifu. Mwaka 2019 hisa zake zikaanza kuuzwa Shanghai, na leo takriban nusu ya simu janja zinazoletwa barani Afrika ni zake.

Njia ya pili ni Dubai. Katika maduka ya Deira hukusanywa simu zilizokwisha kutumika Marekani, Ulaya na Ghuba. Hupangwa kwa madaraja kulingana na hali yake, kisha wafanyabiashara wetu huzinunua kwa jumla. Huko ndiko zinakotoka iPhone na Samsung za daraja la juu ambazo mtumishi wa kawaida asingezimudu zikiwa mpya.

Ubishi wa vijiweni kuhusu simu gani inunuliwe ni ubishi kati ya njia hizi mbili, na kila upande una hoja. Anayetetea simu mpya ya bei nafuu ana betri ambayo haijachoka, ana waranti ya mwaka mmoja, na anajua hakuna mtu aliyeitumia kabla yake. Anayetetea yuzidi kutoka Dubai anapata kamera bora, prosesa yenye nguvu, na mara nyingi simu ambayo bado inapokea masasisho kutoka kwa mtengenezaji.

Hatari za yuzidi nazo ni za kweli. Kioo huenda kilishabadilishwa na kuwekwa kopi. Betri huenda imebaki na nguvu kidogo. Simu yenyewe huenda imefungwa kwa akaunti ya mmiliki wa zamani au kwa mtandao wa nchi nyingine. Kwa Tanzania ipo hatua rahisi ya kujikinga: bonyeza *#06#, soma namba ya IMEI, itume kwenda 15090, na majibu yaje kabla hujatoa fedha. Utaratibu huo unaambatana na uamuzi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, wa kuzizima simu bandia mwezi Juni 2016. Wanunuzi wengi wanaufahamu utaratibu huu, ila huukumbuka wakiwa wameshafika nyumbani.

Mkopo na loku

Kwa familia nyingi, hata bei ya simu ya daraja la chini haitoki mfukoni kwa mkupuo. Julai 2020 Safaricom, kwa kushirikiana na Google, ilianzisha Lipa Mdogo Mdogo nchini Kenya: mteja alitanguliza shilingi 1,000 na kulipa shilingi 20 kwa siku kwa miezi tisa. M-KOPA, iliyoanza kwa kukopesha mitambo midogo ya sola, nayo ikaingia kwenye simu kwa mtindo huo huo wa malipo ya kila siku. Mpango wa aina hii umeenea katika nchi zetu, na umewafungulia wauza mboga, bodaboda na wanafunzi mlango wa intaneti ambao fedha taslimu ziliwafungia.

Dhamana ya mkopo huo ni simu yenyewe. Programu iliyowekwa ndani huifunga pale malipo yanapochelewa, na huifungua yakiendelea. Kwa mkopeshaji ni utaratibu mzuri. Kwa mkopaji, kila kitu kinategemea simu kubaki hai mpaka deni liishe. Bodaboda aliyevunja kioo mwezi wa nne hana pa kukwepea: deni linaendelea, kazi inasimama, na akiipeleka simu kwa fundi wa mtaani huenda akaambiwa amevunja masharti ya waranti. Mikataba mingi ya mikopo inataja bei, muda na adhabu. Mteja anapaswa kuuliza pia habari za matengenezo: nani atatengeneza, wapi, kwa bei gani, na je, siku ambazo simu iko kwa fundi zinahesabiwa kwenye malipo?

Meza ya fundi

Hesabu ya mfano inaonyesha kwa nini fundi ni mtu wa maana katika uchumi huu. Chukua simu ya shilingi 300,000 za Tanzania iliyodumu miezi 18 kisha ikatupwa kwenye droo kwa sababu ya kioo: mwenyewe ameitumia kwa takriban shilingi 16,700 kwa mwezi. Simu hiyo hiyo ikibadilishwa kioo kwa shilingi 60,000 na kufika miezi 36, gharama inashuka hadi shilingi 10,000 kwa mwezi. Hakuna punguzo la dukani linaloikaribia tofauti hiyo.

Kazi inayoingia kwa fundi kila siku inajulikana: kioo kilichopasuka, betri iliyovimba, tundu la chaji lililolegea, spika iliyojaa vumbi, simu iliyozama kwenye maji, na simu inayojizima ambayo inahitaji kuflashiwa. Mafundi wa kiwango cha juu hufanya kazi za bodi, wakiwa na darubini, mita na blowa ya hewa moto, wakitoa chipu moja ndogo kuliko punje ya mchele na kuweka nyingine. Wengi wao hawakujifunzia darasani. Walikaa pembeni ya fundi mkubwa, wakafungua simu mbovu, wakafuatilia video za mafundi wa India na China, wakaharibu na kulipa, mpaka mkono ukakaa sawa.

Spea zao nyingi huanzia Huaqiangbei, mtaa wa masoko ya elektroniki mjini Shenzhen, na nyingine hutolewa kwenye simu zilizokufa ambazo huchinjwa ili kuokoa nyingine. Hapo ndipo tatizo kubwa la biashara hii linapoanzia. Kioo cha simu moja huja kwa madaraja kadhaa: kilichotoka kiwandani, kilichotolewa kwenye simu nyingine, kopi nzuri na kopi hafifu. Kwa macho ya mteja vyote ni kioo. Fundi mwaminifu anayesema bei ya kioo halisi huonekana ni mwizi mbele ya jirani yake anayetaja nusu ya bei kwa kopi. Mteja huchagua bei ndogo, miezi miwili baadaye rangi zinafifia au mguso unagoma, na lawama huangukia ufundi wa mafundi wote.

Manung'uniko ya pili ya wateja ni usalama. Simu inaachwa mezani ikiwa na picha za familia, mazungumzo na akaunti ya fedha za simu, na mara nyingi nywila imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa mgongoni. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini uhusiano wa mteja na fundi bado unaendeshwa kwa kujuana. Fundi anayetaka kukua angeanza na mambo mawili yasiyohitaji mtaji: risiti inayotaja daraja la spea aliyoweka pamoja na muda wa dhamana, na desturi ya kufanya matengenezo bila kudai nywila pale isipohitajika. Wenye maduka ya namna hiyo huvuta wateja wa ofisi na kampuni, na hao hulipa vizuri zaidi.

Simu nzima inayokufa kwa programu

Kuna kifo kingine ambacho fundi hawezi kukizuia kwa risasi wala blowa. Simu inawaka, kioo kizima, betri inafaa, lakini programu zimeikataa. Tangu Oktoba 2023 WhatsApp haifanyi kazi kwenye Android zilizo chini ya toleo la 5. Kwa mfanyabiashara mdogo anayepokea oda zake zote huko, simu isiyokubali WhatsApp imekufa. Simu za hifadhi ndogo nazo hujaa mapema, kwa kuwa kila sasisho la programu linakuja zito kuliko lililopita, na mwenye simu analazimika kufuta picha ili apate nafasi ya programu ya benki.

Watengenezaji wanaweza kuongeza umri huo wakitaka. Google iliahidi miaka saba ya masasisho kwa Pixel 8 mwaka 2023, na Samsung ikatoa ahadi hiyo hiyo kwa Galaxy S24 mwanzoni mwa 2024. Hizo ni simu za bei ya juu. Simu nyingi zinazobebwa na watu wetu hazina ahadi ya karibu na hiyo, na kwa maoni yangu hili ni jambo ambalo wasimamizi wa mawasiliano wangepaswa kulidai. Angalau ungekuwepo wajibu wa kuandika kwenye boksi, kwa Kiswahili, simu itapokea masasisho ya usalama mpaka mwaka gani.

Kodi imezungumzwa, umri haujazungumzwa

Mjadala wa serikali zetu kuhusu simu umekaa muda mrefu kwenye bei ya mpakani. Tanzania ilisamehe VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu katika mwaka wa fedha wa 2021/22, kisha msamaha huo ukaondolewa mwaka uliofuata. Kenya iliweka ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwenye simu zinazotoka nje mwaka 2022, na Oktoba 2023 ikafungua kiwanda cha kuunganisha simu huko Athi River, kinachohusisha Safaricom na Jamii Telecommunications. Kuunganisha simu nyumbani ni hatua nzuri, na itakuwa na faida zaidi iwapo kiwanda kitauza pia vioo, betri na matundu ya chaji ya simu zake kwa mafundi wote.

Umoja wa Ulaya umeshachukua njia hiyo. Tangu Juni 2025 simu mpya zinazouzwa huko zinatakiwa kuwa na spea kwa miaka saba baada ya modeli kuacha kuuzwa, na masasisho ya mfumo kwa miaka mitano. Kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vya mkononi zitatakiwa ziwe za kutolewa na mtumiaji mwenyewe, ingawa simu zenye betri za kudumu sana zina unafuu. Jimbo la Oregon nchini Marekani lilipitisha sheria mwaka 2024 inayozuia watengenezaji kuifanya simu ikatae spea kwa sababu tu haikuwekwa na wao. Matokeo ya sheria hizo yatafika kwetu kupitia Deira, kwa kuwa simu zinazotumika Berlin na Paris leo ndizo zitakazopangwa kwenye meza za Kariakoo baada ya miaka mitatu.

Mazingira nayo yanadai hesabu. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kila simu iliyoongezewa mwaka mmoja ni taka iliyocheleweshwa na fedha za kigeni zilizobaki nchini.

Kifanyike nini

Msingi wa kisheria upo. Tanzania ina Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, inayosimamia leseni za sekta hii, na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ina mpango wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Ninachokiomba ni kuviunganisha. VETA iwapime na kuwapa vyeti mafundi walio kazini, leseni zao ziwe za gharama ndogo, na Shirika la Viwango liweke madaraja ya vioo na betri ili mteja ajue anachonunua. Waagizaji wakubwa walazimishwe kuleta spea pamoja na simu, na kuzitunza kwa muda unaotajwa kwenye waranti.

Mabenki nayo yamtazame fundi kwa macho mapya. Mwenye meza yenye wateja wa kila siku, risiti na rekodi za malipo ya simu ni mkopaji anayepimika. Mtaji mdogo wa darubini na akiba ya spea halisi unaweza kumtoa kwenye kubahatisha na kumfikisha kwenye huduma yenye dhamana.

Nawe mnunuzi, kabla hujalipa, mwulize muuzaji bei ya kioo cha simu hiyo na mahali kinapopatikana. Akishindwa kujibu, nenda duka la pili.