Wahaka wa Ghafla Si Upungufu wa Imani

Mara kwa mara sisi masheikh huletewa mwanamke ambaye jamaa zake wamekwisha kukata shauri kuwa ana jini. Masimulizi hayatofautiani sana. Alikuwa ndani ya feri ya Likoni, au arusini penye msongamano, au amejilalia usiku, mara moyo ukaanza kumdunda kama aliyekimbizwa. Pumzi zikambana, vidole vikafa ganzi, jasho likamtoka, akawa na yakini kuwa saa yake imefika. Punde hali ikatulia. Hospitali wakampima, wakasema moyo ni mzima. Hapo maneno ya watu huanza: amelogwa, amepagawa, na baya kuliko yote, imani yake haba.

Neno hili la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nabii Musa, alayhi salaam, aliingiwa na hofu mbele ya wachawi wa Firauni, na habari hiyo imo katika Surat Taha. Mama yake naye, baada ya kumtia mwanawe mtoni, alikaribia kuifichua siri lau si Mola kuutia nguvu moyo wake, kama tusomavyo katika Surat al-Qasas. Ni nani atakayethubutu kusema hao walipungukiwa na imani?

Wanavyuoni wetu waliyajua haya zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu maslahi ya miili na nafsi, akaitaja hofu miongoni mwa maradhi ya nafsi pamoja na hasira, huzuni na wasiwasi. Alimuusia mtu ajiwekee fikra njema angali mzima, kama awekavyo dawa nyumbani kwa maradhi yasiyotarajiwa.

Mwili umeumbwa na kinga yake. Ukikutana na nyoka, homoni ya adrenalini humiminika katika damu, moyo na pumzi vikaenda mbio ili upate nguvu ya kukimbia. Kwa mwenye wahaka amri hiyo hutoka na nyoka hayupo. Kwa kuhema kwa pupa, kaboni dioksidi hupungua katika damu, na hiyo ndiyo huleta kizunguzungu na ganzi. Kwa kawaida hali hufika kileleni ndani ya dakika 10, kisha hushuka yenyewe.

Basi aliyeshikwa na akae, avute pumzi polepole kwa pua, na kuitoa kuwe kurefu kuliko kuivuta. Dhikri ni msaada mkubwa, maadamu haisomwi kwa haraka. Aliye karibu naye asipige kelele wala asikusanye umati. Amshike mkono, amwambie inapita, inshallah.

Mara ya kwanza lazima aonwe na daktari, kwani maradhi ya tezi ya shingo na upungufu wa damu huweza kuupeleka moyo mbio vilevile. Maumivu ya kifua yaendayo mkononi au tayani, au kuzimia, si mambo ya kungojea hata saa moja. Na kahawa nyingi na miraa huuchochea moyo. Wenzangu wa barazani wanisamehe.

Madhara makubwa zaidi huja kimyakimya. Leo hapandi feri, kesho haendi arusini, kesho kutwa sokoni hatumwi tena, na watu wa nyumbani humhurumia wakamfanyia kila kitu. Huruma hiyo humfunga. Arudi kidogo kidogo: siku moja afike kivukoni na dada yake kisha warejee, siku nyengine avuke naye, mwisho avuke peke yake. Wataalamu wa nasaha huifuata njia hii, na yuko anayehitaji vidonge pia.

Kusomewa Qur'ani mimi sikatazi, nami huwasomea watu. Ninalokataza ni kumpiga mgonjwa, kumfukizia ubani hadi akakosa pumzi, au kumwambia atupe dawa za daktari, ilhali Mtume, sala na amani zimshukie, ametuamrisha tujitibu.

Mama mkwe, mke wa mwanao akikwambia moyo unampapa, usimuulize kama ameswali. Mkalishe penye hewa, umpe maji, na asubuhi mfuatane kliniki.