Mzazi Aliye Peke Yake na Kodi ya Mwanzo: Msaada Hupatikana Wapi?

Mtu atafutaye chumba cha kupanga mjini Kampala hukutana kwanza na dalali, kisha na mwenye nyumba, na wote wawili humwambia neno moja: fedha mbele. Mara nyingi hudaiwa kodi ya miezi mitatu, na pengine sita, kabla hajaingiza ndani hata mkeka. Dalali naye hutaka ujira wake, ambao aghalabu huwa sawa na kodi ya mwezi mmoja. Mwenye kipato kikubwa hulalamika kidogo, kisha hulipa. Lakini mama au baba aleaye watoto peke yake, mwenye mshahara mmoja mdogo, hapo ndipo safari yake hukwama.

Tuchukue mfano. Chumba kimoja, kile ambacho wenyeji wa Kampala hukiita muzigo, kimetajwa kuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Kodi ya miezi mitatu ni shilingi 450,000. Ujira wa dalali ni shilingi 150,000. Jumla ni shilingi 600,000, nasi bado hatujahesabu gari la kuchukulia vitanda na masufuria, wala kufuli ya mlango. Ikiwa mama huyo hupata shilingi 300,000 kwa mwezi, basi anatakiwa atoe mapato yake yote ya miezi miwili, huku watoto wasile, wasivae, wala wasilipiwe karo. Yaani chumba chenyewe angeweza kukilipia mwezi kwa mwezi, ila mlango wake hawezi kuufikia.

Tunaliandika jambo hili katika ukurasa wa askari na polisi kwa sababu linawagusa kwa njia tatu. Kwanza, wako miongoni mwao wazazi walio peke yao. Konstebo wa kike mwenye watoto wawili huhamishwa kituo, akafika na kukuta kambi imejaa, akalazimika kutafuta chumba uraiani kwa siku chache alizopewa. Pili, kila askari aliyeoa hana budi kujiuliza mkewe atalala wapi siku ambayo yeye hayupo, kwa kuwa chumba cha kambini hufuata kazi, na kazi ikikoma chumba nacho hurudishwa. Tatu, mwenye nyumba akigombana na mpangaji, mtu wa kwanza kuitwa ni polisi. Hivyo yafaa wasomaji wetu walifahamu jambo hili barabara.

KODI YA MBELE SI AMANA

Watu wengi huchanganya malipo ya aina mbili. Kodi ya mbele ni kodi ya miezi ijayo. Aliyelipa miezi mitatu hadaiwi tena mpaka miezi hiyo mitatu iishe. Amana ni kitu kingine: ni fedha ya mpangaji iliyowekwa mikononi mwa mwenye nyumba ili ifidie uharibifu au deni, na mpangaji akihama salama hana budi kurudishiwa. Hasara nyingi hutokana na kutotaja ni malipo gani yaliyotolewa. Mama hutoa shilingi 450,000 akidhani amelipia miezi mitatu. Mwezi wa pili ukiingia, mwenye nyumba hudai kodi, akisema kuwa sehemu ya fedha ile ilikuwa amana.

Kwa hiyo, kabla ya fedha kutoka mfukoni, na iandikwe katika stakabadhi: kiasi gani ni kodi, ni ya kuanzia tarehe gani hadi tarehe gani, na kiasi gani ni amana. Pande zote mbili zitie sahihi, na ikiwezekana mwenyekiti wa LC ya kwanza ashuhudie. Kisha mpangaji akikague chumba mbele ya mwenyewe na kuandika kasoro zote: kioo kilichovunjika, kitasa kibovu, paa livujalo. Karatasi hiyo moja huokoa fedha nyingi siku ya kuhama.

SHERIA YASEMAJE

Kwa miaka mingi mambo ya nyumba za kupanga nchini Uganda yaliongozwa na sheria za zama za ukoloni. Mwaka 2022 ilipatikana Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji, baada ya muswada wake kupitishwa na Bunge mara ya kwanza mwaka 2019 na kurudishwa kwa marekebisho. Sheria hiyo inataka mkataba wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi uwekwe katika maandishi. Inataka kodi itajwe kwa shilingi za Uganda, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Inaweka kikomo cha kupandisha kodi, nacho ni asilimia 10 kwa mwaka, yaani chumba cha shilingi 150,000 hakiwezi kupanda kupita shilingi 165,000 katika mwaka mmoja. Tena inakataza kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama.

Mpangaji aliyenyimwa amana yake anaweza kuipeleka shauri mahakamani bila kuajiri wakili. Kanuni za madai madogo za mwaka 2011 ziliweka njia nyepesi kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10, ambamo madeni na kodi ya nyumba vimo. Wanaodaiana husimama wenyewe mbele ya hakimu na kueleza. Ndiyo maana tumesisitiza stakabadhi: hakimu hawezi kupima maneno matupu.

MZAZI WA PILI YU WAPI?

Tunaposema mzazi aliye peke yake, mara nyingi tunamsema mzazi aliyeachwa. Mtoto ana baba na mama. Sheria ya Watoto ya Uganda inawataja wazazi wote wawili katika wajibu wa kumpa mtoto chakula, mavazi, elimu, matibabu na malazi. Tulitie mkazo neno la mwisho: malazi. Baba anayesema kuwa yeye hulipa karo tu, na kwamba chumba ni shauri la mama, hajaisoma sheria.

Mama anayelea mtoto anaweza kuiomba mahakama ya familia na watoto itoe amri ya matunzo dhidi ya baba, na baba naye anaweza kuomba dhidi ya mama. Kabla ya kufika huko, kuna milango iliyo karibu zaidi: ofisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, na kitengo cha polisi cha kulinda watoto na familia, ambavyo huwaita wazazi na kuwapatanisha. Chama cha wanawake wanasheria, FIDA Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1974, nacho hutoa msaada wa kisheria kwa wanawake wasio na uwezo. Katika mapatano ya namna hiyo, yafaa mama aitaje kodi ya mwanzo kwa hesabu yake, na kuomba baba aichangie, badala ya kuzungumza juu ya matunzo kwa jumla bila tarakimu.

Hapa twasema wazi na wasomaji wetu wa kiume. Askari huhamishwa kutoka Arua hadi Mbarara, na pengine huacha mtoto kila alikopita. Uhamisho hauhamishi ubaba. Heshima ya sare haipatani na mtoto anayelala barazani kwa kuwa baba yake alibadilisha namba ya simu.

FEDHA ZA KUANZIA

Sasa tuingie katika swali lenyewe: mtu asiye na shilingi 600,000 azitoe wapi?

Njia ya kwanza ni mapatano na mwenye nyumba. Wapo wenye nyumba wanaopendelea mpangaji mtulivu kuliko chumba kitupu. Mzazi aliye na barua ya mwajiri, au ya mkuu wake wa kituo, na barua ya LC ya mahali anapohama, anaweza kuomba alipe kodi ya mwezi mmoja na kuanza kuishi, kisha ile miezi miwili aigawe katika mafungu. Si jambo la ajabu. Nchini Ujerumani sheria yenyewe inampa mpangaji haki ya kulipa amana kwa mafungu matatu ya mwezi kwa mwezi. Kwetu itategemea maelewano, lakini asiyeomba hapewi. Vilevile, anayetafuta chumba kwa kuuliza jamaa, wafanyakazi wenzake na majirani badala ya dalali, hujiokolea mzigo wa shilingi 150,000 katika mfano wetu.

Njia ya pili ni chama cha akiba na mikopo. Askari wa jeshi wana Wazalendo SACCO, na polisi wana Exodus SACCO. Mkopo wa chama chako, unaokatwa katika mshahara kwa utaratibu unaojulikana, ni salama kuliko mkopo wa mtu wa barabarani. Lakini chama hukopesha kwa kutazama akiba. Anayeanza kuweka leo ndiye atakayesikilizwa kesho.

Njia ya tatu ni upatu, ambao Kampala hujulikana kwa jina la nigiina. Wanawake 12 wakichanga shilingi 50,000 kila mwezi, kila mwezi mmoja wao hupokea shilingi 600,000, ambayo ndiyo hesabu ya chumba chetu. Mwenye shida ya nyumba aliombe kundi limpe zamu ya mwanzo, na kundi lenye utu halikatai. Viko pia vyama vya kusaidiana vya munno mukabi, maana yake rafiki wakati wa shida. Watu huvifahamu zaidi kwa mazishi, lakini mwanachama anayeondolewa katika nyumba naye yumo katika shida, na kanuni za chama zaweza kumfikiria.

Tutoe na tahadhari. Fedha za serikali zilizowafikia wananchi kupitia mpango wa maendeleo wa muluka, yaani PDM, uliozinduliwa Februari 2022, pamoja na zile za mpango wa wanawake wajasiriamali, UWEP, zimewekwa kwa ajili ya uzalishaji na biashara. Kuzichukua na kulipia chumba ni kujitafutia mashtaka na deni lisilo na zao la kulilipa. Lakini mama anayefuga kuku au kushona nguo kwa fedha hizo anaweza kuitumia faida yake apendavyo, nyumba ikiwemo.

Mkopeshaji wa binafsi na awe wa mwisho kufikiriwa. Sheria ya mwaka 2016 inamtaka awe na leseni, na inamkataza kushika kitambulisho cha taifa, pasipoti au kadi ya benki ya mkopaji kuwa rehani. Mwaka 2024 riba ya wakopeshaji hao iliwekewa kikomo cha asilimia 2.8 kwa mwezi. Kwa shilingi 600,000 hiyo ni riba ya shilingi 16,800 kwa mwezi. Anayedai shilingi 100,000 kila mwezi juu ya fedha hiyo, na kuishika kadi yako ya benki, anavunja sheria, naye anaripotiwa.

POLISI MLANGONI

Limebaki jambo la tatu. Mwenye nyumba hufika kituoni akisema mpangaji wake hajalipa miezi miwili, naye anataka askari wawili wa kumsaidia kutoa vitu nje. Huenda deni lake ni la kweli. Hata hivyo, deni la kodi ni shauri la madai, si kosa la jinai, na mtu hawekwi mahabusu kwa ajili yake. Swali la kwanza la polisi liwe moja: amri ya mahakama iko wapi? Ikiwa haipo, kazi ya polisi ni kulinda amani na kumwelekeza mdai mahakamani. Kuvunja kufuli, kung'oa mlango au kukata umeme ili mama na watoto watoke wenyewe, si njia ya sheria, na askari anayesimama kando akitazama huhesabiwa na watu kuwa ameshiriki.

Na kwa askari mwenye familia, iko kazi ya kufanya wiki hii. Aandike majina ya mke na watoto katika kumbukumbu za kazi yake, na ayasahihishe yaliyobadilika. Mjane anapofuatilia malipo ya marehemu, mara nyingi huhitaji barua za usimamizi wa mirathi, na kabla yake cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka kwa Msimamizi Mkuu. Karatasi hizo huchukua muda, na mwenye nyumba hangoji. Akiba ndogo katika jina la mke, inayotosha kodi ya miezi mitatu, itamvusha katika kipindi hicho.

Wahenga walisema akiba haiozi. Shilingi 50,000 kwa mwezi, kwa mwaka mmoja, ni ufunguo wa chumba. Asiyeweza kiasi hicho aweke shilingi 25,000, na miaka miwili itamfikisha hapo hapo. Mkuu wa kituo aliye na wazazi wa namna hii chini yake anaweza kuanza kwa jambo dogo: kuwakusanya, kuwasomea hesabu hii, na kuwasaidia waunde upatu wao kabla amri nyingine ya uhamisho haijafika.