Bolti Ngumu: Uisafishe, Uipige Msasa au Umlipe Fundi?

Mwenye raifo ya bolti anayeishi Ikolo, wilayani Kyela, ana adui ambaye mwenzake wa Dodoma hamjui vizuri: unyevu. Bonde la Kyela hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, Ziwa Nyasa liko jirani, na masika yakikolea mwezi wa Aprili chuma chochote kisichopakwa mafuta hushika kutu. Bolti ikianza kukwaruza na kugoma, watu husema bunduki imezeeka, na shauri la kwanza linalotolewa ni kuipiga msasa. Ninaandika kupinga shauri hilo. Ukipiga hesabu vizuri, njia ya bei ndogo kuliko zote ndiyo inayoponya bolti nyingi, na njia inayoonekana kuwa ya bure inaweza kukugharimu bunduki nzima, au jicho.

Maneno haya yanamhusu mwenye leseni tu. Chini ya sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, silaha bila leseni ni kosa, na kazi ya ufundi wa bunduki nayo inahitaji leseni yake. Kama umeikuta raifo kwenye dari ya marehemu babu, usiiguse kwa mafuta wala kwa msasa. Toa taarifa kituo cha polisi kwanza.

Kabla ya kutoa shilingi, jua aina ya bunduki uliyo nayo. Bolti ya Mauser ya 1898, pamoja na raifo nyingi zilizofuata mtindo wake kama Brno za Czech na Winchester Model 70, hukaza springi ya pini inayogonga risasi wakati unapoinua mkono wa bolti. Uzito ule wa kuinua ni wa springi, si wa ukwaru, na hakuna msasa utakaouondoa. Lee-Enfield ya Waingereza hufanya kinyume: huinuka kwa wepesi, kisha springi hukazwa unaposukuma bolti mbele kufunga. Nimewaona watu wakisugua chuma kizima kutafuta wepesi ambao bunduki yao haikuumbwa nao.

Jaribio la kujua tofauti halina gharama. Hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba na magazini ni tupu, na risasi zote ziko chumba kingine. Chomoa bolti, ipake masizi ya kibatari au wino wa kalamu ya maka, irudishe, uifungue na kuifunga mara kadhaa. Ukiichomoa tena utaona mahali masizi yalipofutika. Hapo ndipo chuma kinapogusana na chuma. Mara nyingi utakuta ni kijikwaruzo kimoja kwenye njia ya bolti, au kutu ya nukta nukta, au utando wa kahawia unaonata.

Utando huo ndio mkosaji mkubwa kwetu, na hutokana na mafuta yasiyofaa. Kyela tuna michikichi, mawese hayakosekani nyumbani, na wapo wanaoyapaka kwenye bunduki. Mafuta ya mimea, yawe mawese au alizeti, hukutana na hewa yakaganda kuwa gundi. Oili chafu ya pikipiki ni mbaya zaidi, kwa kuwa imebeba asidi na unga wa chuma uliosagika kwenye injini. Bolti iliyopakwa vitu hivyo miaka kumi haiwezi kuwa laini, hata kama ilitoka kiwandani iking'aa kama kioo.

Basi njia ya kwanza ni kuisafisha. Nusu lita ya mafuta ya taa, mswaki wa zamani, fulana kuukuu ya pamba, grisi kidogo, na kichupa cha mafuta ya cherehani kutoka duka lolote la Kyela mjini. Vyote pamoja havifikii bei ya kilo tano za mchele wetu. Loweka bolti, sugua nyuma ya meno yake ya kufungia, ingiza kitambaa kwenye mifereji ambamo meno hayo hufungia, futa njia yote mpaka kitambaa kitoke cheupe. Fanya kazi hiyo nje au kwenye baraza yenye hewa, mbali na jiko. Kausha kabisa, kisha paka mafuta ya cherehani kidogo mno, na grisi kiasi cha punje ya mchele nyuma ya kila jino na kwenye mteremko unaokaza springi. Baada ya hapo fungua na kufunga bolti tupu jioni kadhaa ukiwa umekaa. Vyuma viwili vinavyosuguana kwa mafuta hulainishana pale tu panapogusana, na hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuwa sahihi namna hiyo.

Njia ya pili ni msasa, na hapa hesabu hubadilika. Karatasi ya msasa wa maji namba 1000 ni fedha ndogo. Gharama yake halisi inakuja baadaye. Ukisugua mwili wa bolti unaondoa rangi nyeusi inayosaidia kuzuia kutu, kama bolti yako inayo, na chuma cheupe kwenye hewa ya Ikolo kinadai mafuta kila wiki wakati wa masika, maisha yake yote. Zaidi ya hapo, bolti na fremu za Mauser nyingi za zamani zilifanywa ngumu juujuu tu. Chini ya ngozi hiyo nyembamba kuna chuma laini, na ukikifikia, bolti itakuwa nyororo kwa msimu mmoja kisha itaanza kulika. Ninakubali msasa mahali pamoja tu: kijikwaruzo unachokiona kwa macho kwenye mwili wa bolti, kwa mafuta na mkono mwepesi, mpaka ukwaru uishe. Usitafute mng'ao. Usifute namba ya bunduki, maana bunduki yenye namba iliyochezewa ni kesi polisi.

Meno ya bolti usiyaguse kabisa, wala kifyatulio. Wapo wanaochukua pasti ya kusagia vali za injini, wakaipaka nyuma ya meno na kusaga. Meno hayo ndiyo yanayoshikilia mlipuko usimrudie mpigaji usoni. Kila ukiyapunguza, nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi inaongezeka. Kwa risasi kama .308 tofauti kati ya kipimo kinachokubalika na kile kinachoashiria hatari ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani unene wa karatasi ya daftari. Ganda la risasi likipasuka, gesi ya moto hurudi nyuma. Lee-Enfield No. 4 ilitengenezewa vichwa vya bolti vya urefu tofauti, kuanzia namba 0 hadi 3, ili fundi airekebishe nafasi hiyo. Mauser haina kichwa cha kubadilisha. Ukiisaga imekwenda.

Njia ya tatu ni fundi mwenye leseni, na mzigo mkubwa hapo ni safari. Kutoka Kyela hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 100 za kupanda milima ya Tukuyu, na kama fundi unayemwamini yuko Dar es Salaam, ongeza nyingine zaidi ya 800, kisha urudi. Weka nauli, malazi, chakula, na muda wa kuzungumza na polisi wilayani juu ya kusafirisha silaha kabla hujapanda basi. Ni fedha nyingi kwa mkulima. Hata hivyo, fundi huyo ana vipimo vya chemba ambavyo wewe na mimi hatuna, na kipimo hicho pekee kinastahili safari kwa raifo yoyote ya zamani inayopigwa bado. Usimlipe akusafishie kile unachoweza kusafisha mwenyewe. Mpelekee bolti iliyo safi, na bunduki nzima pamoja nayo, umwambie apime.

Kuna bunduki zisizostahili njia yoyote kati ya hizo. Wajerumani walipokuwa na boma lao la Langenburg kwenye kona ya kaskazini ya ziwa, askari wao wengi walibeba Mauser ya 1871, ya risasi moja na baruti ya moshi, na wengine walikuwa nayo bado Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofika Karonga Septemba 1914. Ukipata kutu ya namna hiyo, mahali pake ni polisi na makumbusho.

Na mwenye shamba la mpunga anayetaka raifo laini kwa sababu viboko wanamharibia, akumbuke kwamba leseni ya bunduki si kibali cha kuua mnyamapori. Amwite kwanza afisa wanyamapori wa halmashauri.

Uamuzi wangu ni huu: nunua mafuta ya taa na mafuta ya cherehani leo, msasa uache dukani, na fedha ya kubahatisha iweke akiba ya nauli ya kwenda kupima chemba baada ya mavuno.