Cholmondeley Aliua, Akapewa Miezi Nane: Hii Kesi ya Soysambu Ilienda Aje?

Ukipanda nganya ya Naks kutoka Nairobi, ukishapita nyama choma za Kikopey, cheki mkono wa kushoto. Lile ziwa pale chini ni Elementaita, na hizo nyasi zote zimelizunguka, kama ekari 48,000, ni Soysambu, shamba la familia ya Delamere. Wasee wawili walipigwa risasi huko na mtu mmoja, ndani ya miezi 13 hivi. Itaje hiyo kesi kwa base yoyote ya Gilgil na utaskia jibu moja: pesa iliongea.

Inawezekana. Mimi si loya, chuo chenyewe niliachia njiani, siwezi kukuapia. Lakini kuna vitu sheria ya wakati huo iliruhusu, kweupe kabisa, bila hata mtu kuhongwa. Ukivijua, hasira yako itapata anwani.

Wa kwanza alikuwa Samson ole Sisina, afisa wa KWS. Aprili 2005, yeye na wenzake waliingia Soysambu na nguo za raia, wanachunguza biashara ya nyama ya pori. Tom Cholmondeley (hutamkwa "Chamli", usiniulize kwa nini), mrithi wa Lord Delamere, akampiga risasi. Alisema alidhani ni majambazi. Akashtakiwa mauaji, lakini Mei hiyohiyo, kabla hata shahidi mmoja asimame, Mkuu wa Sheria Amos Wako akaizima kesi. Wamaasai wakawaka, wakaandamana. Ilibaki imezimwa.

Ilizimwa aje? Kwa kitu kinaitwa nolle prosequi, Kilatini ya kusema "hatutaki kuendelea". Katiba ya zamani ilimpa Mkuu wa Sheria hiyo nguvu peke yake. Anaweka sahihi, imeisha, na jaji hana la kumuuliza. Katiba ya 2010 ilimpokonya. Sasa kazi hiyo ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, DPP, na Kifungu cha 157 kinasema hawezi kuondoa kesi bila ruhusa ya korti. Kwa hivyo ukiskia DPP anataka kutoa kesi ya mheshimiwa fulani, usimtukane yeye pekee. Angalia jaji amemuuliza nini, na amekubali kwa sababu gani.

Wa pili alikuwa Robert Njoya, fundi wa mawe. Mei 2006 alikuwa Soysambu na wenzake na mbwa wao, wameshika swala. Cholmondeley akafyatua. Alisema alilenga mbwa. Njoya akafa, akaacha mke na watoto wanne.

Hapa acha niwaseme mapaparazi kidogo. Waandishi walikuja mpaka kutoka Uingereza, na wengi walikuja kutafuta sinema: ubwanyenye, Happy Valley, ile kesi ya 1941 ya mauaji ya Lord Erroll. Kusema ukweli stori iko, maana Diana, mke wa mzee aliyeshtakiwa na kuachiliwa kwa kifo cha Erroll, baadaye aliolewa na babu yake Tom. Tamu sana. Lakini Njoya yeye alipewa neno moja tu: jangili. Fundi, baba wa watoto wanne, hayo yakawa mistari ya chini. Ripota hahitaji kudanganya ndio aegemee upande. Neno analomwitia marehemu linatosha.

Haya, kortini. Jaji alikuwa Muga Apondi. Upande wa mashtaka, Keriako Tobiko (ndio, huyohuyo aliyekuja kuwa waziri wa mazingira). Upande wa utetezi, Fred Ojiambo. Watu walimchukia Ojiambo ka ni yeye alifyatua, na hiyo ni kukosea. Kazi ya loya wa utetezi si kuapa kwamba mteja wake ni malaika. Kazi yake ni kuhakikisha serikali imethibitisha kila kitu inachodai.

Na hapo ndipo kesi ilizaa kitu ambacho wasee wengi hawajui. Katikati ya mchezo kukatokea vita vya nani amwonyeshe nani ushahidi. Jaji akaagiza utetezi uwape mashtaka vitu vyake mapema. Ojiambo akakataa, akakimbia Korti ya Rufaa. Mwaka wa 2008 majaji wa rufaa wakasema hivi: serikali ndiyo lazima impe mshtakiwa taarifa za mashahidi na nakala za vielelezo kabla kesi ianze. Mshtakiwa naye halazimiki kufungua karata zake. Katiba ya 2010 ikaliweka hilo la ushahidi wa serikali ndani ya Kifungu cha 50.

Kama umewahi kuona boy wa mtaa anaingia kizimbani hajui nani atamshuhudia na atasema nini, unajua hiyo si mambo ya mabwanyenye tu.

Mei 2009, hukumu. Mauaji ya kukusudia yanahitaji nia mbaya ithibitishwe, na wakati huo adhabu yake ilikuwa moja tu, kifo. Apondi alisema hiyo nia hakuiona, maana baada ya risasi Cholmondeley alijaribu kumpa Njoya huduma ya kwanza na kusaidia apelekwe hospitali. Akampata na hatia ya kuua bila kukusudia. Hiyo haina kiwango cha chini. Jaji anaweza kukupa kifungo cha maisha, anaweza kukupa siku moja. Akampa miezi nane, watu wakapiga nduru nje ya korti.

Lakini hesabu yenyewe si nane. Enzi hizo mshtakiwa wa mauaji hakuwa na haki ya bondi, kwa hivyo alikuwa ameshakaa Kamiti miaka mitatu, na jaji aliihesabu. Jumla, karibu miaka mitatu na nusu. Kwangu bado ni kidogo kwa uhai wa mtu, na huo ni uamuzi unaweza kuupinga bila kusingizia jaji amekula. Siku hizi bondi inapatikana hata kwa mauaji, isipokuwa serikali ilete sababu nzito.

Cholmondeley alitoka Oktoba 2009, akafariki 2016 baada ya upasuaji wa nyonga Nairobi. Jina lake bado linatajwa kortini, na mara nyingi anayelitaja ni loya wa msee asiye na hata nauli ya kurudi Rhonda, akiomba apewe taarifa za mashahidi. Ukishtakiwa, ziombe siku ya kwanza.